Wasifu wa Bibi wa Ugogo: Mjadala kuhusu Kukumbuka Maisha Marefu

Wasifu wa marehemu, yaani maelezo mafupi ya maisha ya mtu yanayosomwa kabla ya mwili kupelekwa kaburini, umekuwa sehemu ya kawaida ya mazishi katika Mkoa wa Dodoma kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, na muundo wake umezoeleka kiasi kwamba waombolezaji wanajua kitakachofuata kabla msomaji hajakitamka: mwaka wa kuzaliwa, shule, ndoa, kazi, ugonjwa, siku ya kufariki, kisha idadi ya watoto, wajukuu, vitukuu na vilembwe walioachwa. Muundo huo unamfaa mtu aliyepita darasani na kuajiriwa, lakini unapomfikia mwanamke wa kijiji cha Ugogo, yaani nchi ya Wagogo, aliyeishi miaka tisini hivi, sehemu zake nyingi hubaki tupu, kwa sababu mwanamke huyo hakupelekwa shule utotoni, hakuajiriwa, na mwaka aliozaliwa haukuandikwa popote. Pengo hilo huzibwa kwa sentensi moja inayorudiwa katika kila msiba, kwamba marehemu alikuwa mama mwenye upendo, mchapakazi na mwenye kujitoa kwa ajili ya wanawe na wajukuu wake. Sentensi hiyo ni ya kweli, na bado haimtofautishi bibi mmoja na mwingine.

Swali la namna ya kumkumbuka mwanamke wa aina hiyo huwagawa watu ndani ya familia moja, na hapa limewekwa katika sauti nne ambazo si za watu mahususi bali ni za misimamo inayosikika misibani: Karani wa ukoo, yaani mtoto wa marehemu aliyepewa kalamu kwa kuwa lugha yake inaaminiwa, Shangazi, dada wa baba yake, ambaye kwa marehemu ni wifi, Mchungaji wa Kanisa Anglikana, na Mjukuu aliyesomea sheria. Kuweka hoja katika majibizano si jambo geni Dodoma, kwa kuwa Mathias Mnyampala (1917–1969), mshairi Mgogo ambaye pia aliandika kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo kilichotoka mwaka 1954, ndiye aliyeipa umaarufu ngonjera, yaani shairi ambalo wahusika wake hujibizana kwa hoja hadi mmoja ashawishike au wote wapatane.

KARANI: "Wasifu husomwa kwa dakika tano, jua likiwa kali na watu wakiwa wametoka mbali. Msikilizaji ambaye hakumjua marehemu anahitaji kujua alianzia wapi, akapita wapi na akaishia wapi, na bila mwaka wa kuzaliwa haiwezekani hata kusema kwamba maisha hayo yalikuwa marefu. Kadi ya mpiga kura inasema 1936, kitambulisho cha taifa kinasema 1932, na daftari la kanisa lina mwaka wa ubatizo peke yake. Shangazi, uandikwe upi?"

SHANGAZI: "Mwanangu, hizo ni namba za makarani waliomtazama usoni wakakisia. Mama yako alizaliwa baada ya Mtunya, wazazi wake walipokuwa wameshapata tena ng'ombe wa kukamua. Alivunja ungo mwaka uleule Wazungu wa karanga walipoingia Kongwa, akaolewa wakiwa bado wanapambana na mibuyu, na mtoto wake wa pili alinyonya katika njaa iliyokuja baada ya Wazungu hao kuondoka. Alipohamishwa kutoka kwenye tembe alikuwa na mjukuu wa kwanza mgongoni. Hiyo ndiyo miaka yake."

Jibu hilo linastahili kupimwa kwa makini, kwa kuwa linaonekana kukwepa swali ilhali linalijibu kwa usahihi kuliko kadi zote mbili. Mtunya ni jina ambalo Wagogo waliipa njaa kubwa ya miaka ya 1918 hadi 1920, iliyotokea baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi wa Ugogo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ukame ukaikuta nchi ikiwa haina akiba wala vijana wa kulima. Wanahistoria wamekadiria kwamba watu wapatao 30,000 walikufa katika jamii iliyokuwa na watu kama 150,000. Wazungu wa karanga ni watu wa mradi wa serikali ya Uingereza ulioanza Kongwa mwaka 1947 kwa nia ya kuzalisha mafuta ya kula, ukashindwa na udongo mgumu, mvua haba na mibuyu iliyovunja matrekta, na ukaachwa mwaka 1951. Njaa iliyofuata ni ya 1953 na 1954. Kuhamishwa kutoka kwenye tembe, yaani nyumba ya udongo yenye paa bapa lililofunikwa kwa udongo, ni Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambapo kaya zilizokuwa zimetawanyika karibu na mashamba na malisho yao zilikusanywa katika vijiji vya ujamaa. Msichana aliyevunja ungo mwaka 1947 alizaliwa karibu na 1932, kwa hiyo kitambulisho cha taifa kiko karibu na ukweli na kadi ya mpiga kura iko mbali nao. Watakwimu wenyewe hutumia njia ya Shangazi: makarani wa sensa hupewa kalenda ya matukio, yaani orodha ya njaa, vita, mafuriko na matukio ya kisiasa ya mahali husika, ili wakadirie umri wa mtu asiyejua mwaka wake.

Karani alikuwa tayari kuandika 1932 na kuendelea mbele, lakini kufanya hivyo ni kuchukua punje na kuacha suke, kwa sababu matukio aliyoyataja Shangazi hayasemi tu ni lini mwanamke huyo aliishi, bali pia yanaeleza aliishi kwa ustadi gani. Mtoto aliyenyonya katika njaa na akafika utu uzima alifika kwa sababu kuna mtu aliyejua la kufanya. Hapa Mchungaji akaingilia.

MCHUNGAJI: "Ni kweli, Shangazi, lakini ibada ya mazishi haiitishwi ili kutoa somo la historia. Watu wanakuja kumshukuru Mungu kwa maisha aliyoyatoa, na neno la shukrani kwa mwanamke huyu ni upendo. Tusisahau pia kwamba ni daftari la ubatizo lililoandika jina lake kwa mara ya kwanza, wakati serikali ya kikoloni ilikuwa haimhesabu kwa jina, na kwamba wanawake wengi wa rika lake walijifunza kusoma kwa sababu walitaka kusoma nyimbo na Injili kwa macho yao wenyewe."

Hoja ya Mchungaji ina uzito kuliko inavyoonekana. Wamisionari wa CMS, shirika la umisionari la Kanisa la Uingereza, walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, Dayosisi ya Central Tanganyika ikaundwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers, na Mvumi ikapata hospitali na shule ya wasichana, hivyo kwa familia nyingi za Dodoma maandishi ya kwanza yenye jina la mama wa ukoo yako katika daftari la parokia. Kwa mwanamke ambaye tangu alipojifungua aliitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kusomwa jina lake mwenyewe mbele ya watu wote si jambo dogo. Inafaa kuongeza kwamba kanisa halikuwa peke yake: kampeni za elimu ya watu wazima za miaka ya 1970, pamoja na ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya wanavijiji kuzunguka redio na vijitabu kuhusu vyoo, malaria na maji salama, ziliwakuta wanawake hao wakiwa na umri wa miaka arobaini hivi na kuwapa kalamu wakati watoto wao wakubwa walikuwa wameshaanza kuoa na kuolewa. Wasifu unaosema "hakubahatika kupata elimu" mara nyingi unamfuta mwanafunzi aliyekaa darasani jioni baada ya jembe, maji na chakula cha usiku.

MJUKUU: "Mchungaji, hakuna anayepinga upendo. Kinachopingwa ni kuutumia upendo kufunika hesabu. Inaposemwa kwamba Bibi alijitoa, yafaa iulizwe alijitoa kwa kiasi gani, kwa nani, na alirudishiwa nini. Macho yake yalikuwa yameharibika kabla hajafika miaka sitini. Shamba alilolima tangu alipoolewa halikuwahi kuwa kwa jina lake. Ng'ombe walioitwa wa nyumba yake walirithiwa na wengine. Je, hayo si sehemu ya maisha yake?"

Kuhusu macho, Mjukuu alikuwa amegusa jambo ambalo Dodoma inalijua kuliko mikoa mingi. Vikope, ugonjwa ambao madaktari huuita trakoma, ni maambukizi ya macho yanayopita kutoka uso wa mtoto hadi uso wa anayemlea kwa vidole, kitambaa na nzi, na yanapojirudia kwa miaka mingi huacha makovu yanayopinda ukope ndani, nywele za kope zikakwaruza jicho hadi mtu apofuke. Wilaya ya Kongwa ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo ugonjwa huo ulichunguzwa kwa kina tangu miaka ya 1980, na jaribio lililochapishwa mwaka 1995 lilionyesha kwamba vijiji vilivyohimizwa kuwaosha watoto uso, pamoja na kupewa dawa ya macho, vilipunguza hali mbaya ya ugonjwa. Wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume kwa sababu ndio walio karibu na watoto wadogo, kwanza wa kwao wenyewe, kisha wa binti zao. Kwa maneno mengine, bibi aliyepofuka kwa vikope alipata upofu huo katika kazi ile ile anayosifiwa, katika nchi ambayo maji ya kuosha nyuso yalichimbwa kwa mikono ndani ya mchanga wa makorongo wakati wa kiangazi. Wasifu unaotaja upendo bila kutaja macho umeacha nusu ya habari.

Kuhusu mali, maelezo yanahitaji uangalifu zaidi. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu kuhusu ng'ombe na ukoo mwaka 1969, alieleza utaratibu ambao katika boma la mume mmoja kila mke alikuwa na nyumba yake, mashamba yake ya kulima na ng'ombe waliotengewa nyumba hiyo, na wanawe wa kiume ndio waliokuja kuwarithi ng'ombe hao. Mama alikuwa njia ambayo mali ilipitia bila kuishia kwake. Tangazo la Sheria ya Mila la mwaka 1963, lililokusanya kanuni za jamii nyingi za Bara zinazofuata ukoo wa baba, liliweka mabinti katika daraja la mwisho la warithi na kusema kwamba fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Kanuni hiyo inaonekana ya upole, lakini inabadilisha kazi ya miaka hamsini kuwa ahadi isiyo na mdhamini. Mahakama ya Rufani ilikwenda njia nyingine mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliposema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu zaidi katika rufaa hiyo. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikatamka kwamba haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Mwanamke aliyezaliwa karibu na 1932 alikuwa na miaka zaidi ya sitini sheria hiyo ilipopitishwa.

SHANGAZI: "Mjukuu wangu, umesema kweli, na bado bibi yako asingependa kuzikwa kama mtu aliyeonewa maisha yake yote. Umetaja alichonyimwa. Sasa sema alichokuwa nacho. Nani alichagua masuke ya mbegu? Nani alijua majani yapi ya porini yanaliwa na yapi yanaua? Nani alipiga muheme wasichana walipotolewa? Mwaka ambao mvua ilikataa, nani alitangulia mbele ya wanawake?"

Katika maneno hayo ndimo ulimo moyo wa mjadala mzima, na panafaa kukaliwa kuliko mahali pengine. Uwanda wa kati hupata mvua ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka, na hata hiyo inaweza kukatika wiki tatu mbegu zikiwa zimeshachipua. Mtama na uwele hustahimili hali hiyo, lakini mazao hayo hayajipandi. Mwanamke ndiye aliyetembea shambani kabla ya mavuno akiangalia ni suke lipi limejaa licha ya ukame, akalitenga, akalitundika juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasilitoboe, na akakataa kulipika hata watoto walipolia kwa njaa, kwa kuwa alijua kwamba kula mbegu mwezi wa Novemba ni kufa mwezi wa Machi. Ndiye aliyechuma mlenda wakati wa mvua, akaukausha, akautwanga na kuuhifadhi, hivi kwamba miezi ambayo shamba halikuwa na jani lolote kulikuwa na mboga ya ugali. Uamuzi wa kipimo, yaani unga kiasi gani utoke kwenye kilindo leo ili ubaki wa kufikisha mavuno, ulikuwa wake, na ulikuwa uamuzi wa uhai na mauti uliofanywa kila jioni bila kuandikwa. Mkurugenzi wa ghala la taifa akifanya kazi hiyo kwa miaka sitini hutajwa kwa cheo chake.

Muheme ni ngoma ambayo kwa Wagogo iko mikononi mwa wanawake, wapigaji wakiibana ngoma kati ya mapaja na kuipiga kwa mapigo yanayoingiliana, na inahusishwa na mafunzo ya wasichana wanaoingia utu uzima. Muziki wa Kigogo umejulikana duniani hasa kupitia Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, bingwa wa ala za ilimba na zeze, na ni haki ajulikane. Lakini wasifu wa bibi aliyepiga muheme kwa nusu karne, akafundisha wapigaji wa vijiji vitatu, huandikwa kwamba "alipenda kuimba". Kuhusu wanawake kutangulia, Rigby aliandika juu ya ibada ambamo mikosi ilipoikumba nchi, wanawake walivaa mavazi ya wanaume na kuchunga ng'ombe, kazi ambayo siku za kawaida haikuwa yao, ili kuusukuma mkosi nje ya eneo lao. Mtemi alishika mawe ya mvua na cheo, lakini ilipofika saa ya kuiponya nchi, wanawake ndio waliotoka.

MCHUNGAJI: "Jambo hilo la mwisho, Shangazi, ni gumu kulisoma mbele ya msalaba. Marehemu alikuwa mshirika mwaminifu."

SHANGAZI: "Alikuwa mshirika, Mchungaji, na alitoka na wanawake wenzake. Mungu aliyemwona kanisani alimwona na korongoni."

Hapa mwandishi wa mjadala huu anaegemea upande wa Shangazi, bila kumbeza Mchungaji, kwa kuwa maisha ya miaka tisini katika uwanda wa kati yalibeba mambo yote mawili kwa pamoja, na kuondoa moja ili jingine ling'ae ni kumkata mtu vipande. Hata hivyo, hoja ya Mjukuu haifutwi na sifa za ustadi. Ustadi wa kuhifadhi mbegu na kunyimwa shamba ambamo mbegu hizo ziliota ni habari moja, na anayesimulia ustadi peke yake anaweza bila kukusudia kuufanya unyimwaji uonekane kama bei ya kawaida ya kuwa mama.

KARANI: "Yote hayo hayatoshei dakika tano. Tena kuna watu watakaokuwa kaburini ambao wamerithi ng'ombe hao, nao ni ndugu. Kusoma habari za shamba na ng'ombe pale ni kuanzisha ugomvi juu ya jeneza."

MJUKUU: "Basi ziandikwe maandiko mawili. La kwanza lisomwe, liwe fupi, lakini maneno 'mchapakazi' na 'mwenye kujitoa' yaondolewe, mahali pake ziwekwe kazi zenyewe: alihifadhi mbegu za uwele, alipiga na kufundisha muheme, alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, alilea wajukuu ambao mama zao walikwenda mjini kutafuta kazi. La pili liwe refu, likae na ukoo, na ndani yake yaingie macho, shamba na ng'ombe, kwa majina na kwa miaka kadiri inavyopatikana."

Pendekezo hilo ndilo linaloelekea kufaa, na ugumu wake hauko katika uandishi bali katika wakati. Mwanamke aliyevunja ungo mwaka 1947 ana miaka zaidi ya tisini leo, na anayeweza kuthibitisha au kusahihisha maelezo yake ni wifi au mdogo wake ambaye naye amefikia umri huohuo. Mji umewafikia kwa kasi: uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, serikali ikahamia kwa nguvu kuanzia 2016, Dodoma ikatangazwa jiji mwaka 2018, na sensa ya 2022 ikahesabu mkoani humo watu 3,085,625, zaidi ya milioni moja juu ya hesabu ya mwaka 2012. Vijiji vilivyokuwa na tembe vimepimwa viwanja, na wajukuu waliolelewa na bibi zao wanafanya kazi katika ofisi zilizojengwa juu ya mashamba hayo, wakiongea Kiswahili na watoto wasioelewa Cigogo, lugha ya Wagogo. Kumrekodi bibi kwa simu ya mkononi hakuna gharama, lakini rekodi nyingi zinazofanywa ni za sherehe, bibi akiwa ameketi katikati ya keki na fulana zenye picha yake, akiombwa awabariki wageni, na hakuna anayemwuliza kuhusu Mtunya aliousikia kwa mama yake.

KARANI: "Shangazi, tuanze basi na la pili kabla ya la kwanza. Mbegu ya uwele aliyokuwa nayo, aliipata kwa nani?"

SHANGAZI: "Kwa mama yake, aliyevuka nayo Mtunya ikiwa imefungwa kwenye nguo. Na mama yake alipewa na mwanamke wa Mpwapwa ambaye hawakuwa na udugu naye. Andika jina la huyo mwanamke kwanza. Lipo, wala wewe hukuwahi kuliuliza."